Homa ya nguruwe yala karo ya watoto, nani atafuata nyayo zake?

KWA wazazi wengi wa Kampala na wilaya zinazoizunguka, nguruwe si kitoweo tu, ni benki. Ng'ombe anataka ardhi, na mbuzi huzaa mmoja au wawili. Lakini nguruwe jike mmoja aliyefungwa kamba nyuma ya nyumba huweza kuzaa watoto wanane, kumi au zaidi, tena mara mbili kwa mwaka. Chakula chake ni majani ya viazi vitamu, maganda ya matoke na pumba za mahindi. Muhula wa shule unapokaribia, mzazi huita mnunuzi, huhesabu noti, na mtoto hurudi darasani.

Ndiyo maana mimi, mwalimu wa Kiswahili nisiyefuga hata kuku, leo naandika habari za ugonjwa wa nguruwe. Katika shule ninayofundisha pembezoni mwa jiji, rejista ya mahudhurio imenifundisha jambo. Wanafunzi watano au sita wa kijiji kimoja wakikosekana kwa pamoja mwanzoni mwa muhula, na hakuna msiba wala mvua iliyokata barabara, ulizia kwanza hali ya mabanda ya nguruwe. Mara nyingi jibu huja kwa Kiganda: omusujja gw'embizzi. Yaani homa ya nguruwe.

Ndugu zangu mliorejea nyumbani na kuanza maisha upya kwa mifugo michache, na nyinyi mnaovuka Busia, Malaba na Mutukula kutafuta riziki, makala haya ni yenu. Wale wasiokula nyama hii kwa sababu ya imani yao nao wasigeuze ukurasa haraka, kwa kuwa mpangaji wao, jirani yao au dereva wao huenda anaishi kwa nguruwe.

Adui asiye na dawa

Wataalamu huuita ugonjwa huu homa ya nguruwe ya Afrika. Unasababishwa na virusi. Nguruwe aliyeambukizwa hupandwa na homa kali, hususia chakula, hulala akijikunyata, na masikio na tumbo hubadilika rangi kuwa mekundu au ya zambarau. Wengine hutokwa na damu puani au kwenye kinyesi. Baada ya siku chache hufa, na virusi vikiwa vikali, banda zima linaweza kubaki tupu ndani ya wiki mbili.

Hakuna dawa ya kuutibu. Sindano zinazouzwa na baadhi ya wauza dawa vijijini ni za kuua bakteria, na virusi hivi havijali sindano hizo. Kuhusu chanjo, Vietnam ndiyo iliyotangulia kuidhinisha chanjo ya homa hii mwaka 2022, lakini ilitengenezwa kwa ajili ya aina ya virusi inayosumbua Asia na Ulaya, siyo ile iliyozoeleka kwetu. Watafiti wa Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, jijini Nairobi, wamekuwa wakishughulikia chanjo ya aina yetu. Mpaka itakapomfikia mfugaji wa Mukono, kinga ni usafi, uzio na taarifa ya mapema.

Lipo jambo moja la kumtuliza msomaji: homa hii haimwambukizi binadamu. Mtu akila nyama ya nguruwe aliyekuwa nayo hapati homa hiyo. Lakini hapo hapo ndipo penye mtego. Kwa kuwa mlaji hadhuriki, muuzaji haoni kosa, na nyama yenye virusi husafiri kutoka kijiji hadi kijiji. Virusi hivi hudumu miezi kadhaa ndani ya nyama iliyokaushwa au kutiwa chumvi, na katika barafu hudumu zaidi. Makombo ya nyama hiyo isiyoiva vizuri yakitupwa kwenye chombo cha nguruwe mwingine, safari inaanza upya.

Ulianza kujulikana Afrika Mashariki

Dunia iliusikia ugonjwa huu kwa mara ya kwanza kutoka kwa majirani zetu. Mwaka 1921 daktari wa mifugo, R. Eustace Montgomery, alichapisha maelezo ya homa iliyokuwa ikiua nguruwe wa walowezi nchini Kenya tangu takriban mwaka 1910. Nguruwe hao walikuwa wageni kutoka Ulaya. Wenyeji, yaani ngiri na nguruwe-mwitu, walibeba virusi bila kuugua. Baadaye ikajulikana kwamba papasi wanaoishi kwenye mashimo ya ngiri hunyonya damu yenye virusi na kuvipeleka kwa mnyama mwingine.

Kutoka Afrika homa ikasafiri, na kila mara ilibebwa na binadamu. Mwaka 1957 ilifika Ureno, ambako nguruwe karibu na uwanja wa ndege wa Lisbon walilishwa mabaki ya chakula cha abiria. Mwaka 2007 ikaibuka Georgia, na inaaminika ilishuka na makombo ya meli. Mwaka 2018 ikaingia China, nchi yenye nguruwe wengi kuliko zote duniani, na mamilioni ya nguruwe wakafa au kuuawa.

Kumbe basi, virusi vya kwanza kuandikwa habari zake nchini Kenya vimeitikisa Beijing. Lakini China ilikuwa na maabara, bajeti na jeshi la wataalamu. Mama wa Nangabo mwenye nguruwe watatu ana nini?

Idadi imekua, ulinzi haukukua

Miaka ya 1980 Uganda ilikadiriwa kuwa na nguruwe takriban laki mbili tu. Sensa ya mifugo ya mwaka 2008 ilihesabu milioni 3.2, na ile ya mwaka 2021 ilipata takriban milioni 7. Kwa makadirio ya mwaka 2011, kila Mganda alikula wastani wa kilo 3.4 za nyama ya nguruwe kwa mwaka, kiwango cha juu kuliko nchi nyingine za Afrika Mashariki. Pita Wandegeya jioni uone moshi wa majiko. Kitimoto, kama wanavyoiita ndugu zetu wa Tanzania, hapa imekuwa chakula cha harusi, cha mpira na cha Ijumaa ya mshahara.

Nguruwe wengi hawa hawako kwenye mashamba makubwa. Wako kwa watu wadogo, wawili hapa, watano pale. Wanaingia jijini kwa malori, kwa magari madogo na kwa pikipiki, wengine kuelekea machinjio ya Wambizzi yaliyoko Nalukolongo, wengine kuchinjwa nyuma ya bucha bila mkaguzi kuwaona. Kila nguruwe ana mahali alikotoka na njia aliyopitia, ila hakuna aliyeandika.

Katika shule mtoto asiyefika huonekana kwa sababu jina lake limo kwenye rejista. Nguruwe wetu hawana rejista. Wakifa kumi katika kijiji, wilaya haijui. Wakiuzwa ishirini kwa haraka kabla hawajafa, wilaya inayowapokea haijui. Homa inatembea gizani.

Wanaofuata nyayo

Hata hivyo, wapo wanaojaribu kuwasha taa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Makerere, wa maabara ya taifa ya magonjwa ya mifugo iliyoko Entebbe na wa ILRI wamekuwa wakikusanya damu na viungo vya nguruwe na kusoma vinasaba vya virusi. Kazi hiyo inafanana na ya mpelelezi wa alama za vidole. Virusi vya homa hii vimegawanywa katika makundi zaidi ya ishirini kwa hesabu iliyozoeleka. Ukijua kundi, unaweza kukisia vilikotoka.

Matokeo yao yanatuhusu sisi wa mpakani moja kwa moja. Virusi vilivyoua nguruwe Kenya mwaka 2006 na 2007 na vile vilivyokamatwa Uganda mwaka 2007 vilikuwa vya kundi moja, la tisa, na vilifanana mno. Maana yake ni kwamba Kenya na Uganda hazikuwa na milipuko miwili. Zilikuwa na mlipuko mmoja wenye pasipoti mbili. Upande wa kusini, kundi la pili, lile lililofika Georgia na China, lilikutwa Kyela, Tanzania, mwaka 2010, na baadaye likaonekana katika mikoa mingine ya nchi hiyo. Anayefanya biashara ya Mutukula ana sababu ya kufungua masikio.

Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2017 ulichunguza nguruwe katika eneo la mpaka wa Kenya na Uganda ambao kwa macho walikuwa wazima kabisa. Katika viungo vya baadhi yao virusi vilikuwamo. Kwa hiyo macho ya mnunuzi, hata awe na uzoefu wa miaka ishirini, hayatoshi.

Wapo pia waliowavika nguruwe wa kuzurura vifaa vya setilaiti huko magharibi mwa Kenya, na kuchapisha walichokiona mwaka 2013. Nguruwe hao walitembea wastani wa zaidi ya kilomita nne kwa saa kumi na mbili, wakipita mashamba, majalala na nyumba za watu. Yule tunayedhani yuko hapo nyuma ya jiko amekwishatembelea majirani wote kabla hujanywa chai.

Na anayetafuta kimoja hukuta kingine. Profesa Charles Masembe wa Makerere na wenzake walichunguza damu ya nguruwe wa Uganda ya kati, na mwaka 2012 wakaeleza kwamba ndani yake walikuta virusi vya Ndumu, ambavyo awali vilijulikana kwa mbu huko Afrika Kusini. Havikutafutwa, vilionekana tu kwa sababu mtu alichukua damu na kuisoma yote. Hilo linatosha kuonyesha faida ya kupima: ugonjwa wa kesho unaweza kuwa tayari upo bandani, na hatutaujua kwa kukaa.

Mfanyabiashara si adui

Nilikulia ukimbizini, magharibi mwa Kenya. Wazazi wangu walikimbia vita vya Luweero mwanzoni mwa miaka ya 1980 nikiwa mgongoni mwa mama. Huko ndiko nilikosomea na kujifunza lugha hii ninayowaandikia. Pia nilijifunza kwamba mpaka ni mstari kwa serikali, lakini kwa wananchi ni njia. Hata neno bodaboda lilizaliwa hapo Busia, kwa vijana wa baiskeli waliobeba abiria kutoka geti la nchi moja hadi la nyingine. Anayedhani ataizuia homa ya nguruwe kwa kufunga geti hajawahi kuona njia za panya.

Hivi karibuni nilizungumza pale Busia na mzee mmoja anayenunua nguruwe vijijini na kuwapeleka mjini. Nilimuuliza hufanya nini akifika kwenye banda na kukuta mmoja amelala.

"Mwalimu," alinijibu, "mwenye nguruwe akiniita kwa haraka na kunipa bei ya kutupa, najua kuna jambo. Nisipomnunua, anakuja mwingine. Na mimi nina watoto kama wewe."

"Na ukishajua, mzee, unamwambia nani?"

Alicheka. "Nimwambie nani? Nikienda ofisini wataninyang'anya mzigo, halafu wanipige faini."

Katika maneno hayo machache umo ugonjwa wote. Mzee huyu alijua kabla ya daktari, kabla ya wilaya na kabla ya wizara. Bei iliyoanguka ghafla katika kijiji ni dalili sawa na homa yenyewe. Lakini alichojua kilibaki mfukoni mwake, kwa sababu kukisema kungemgharimu.

Mwaka 2017 watafiti walichora mtandao wa wanunuzi wa nguruwe katika mpaka huu huu: nani ananunua wapi na anauza wapi. Wakaonyesha jinsi wanunuzi wanavyounganisha vijiji na vijiji, na kwamba humo ndimo mna nafasi ya kuudhibiti ugonjwa. Hii ina sura mbili. Mnunuzi anayetoka banda moja kwenda jingine bila kuosha viatu, kamba na pikipiki anaweza kusambaza virusi kuliko ngiri wote wa mbugani. Mnunuzi huyo huyo akielimishwa na kuaminiwa, anaweza kuwa mlinzi ambaye serikali haina fedha za kumwajiri.

Waliorejea na nguruwe wa kwanza

Kaskazini mwa nchi somo hili lilikuja kwa uchungu. Vita vilipopoa baada ya mwaka 2006 na watu wakaanza kutoka kambini kurudi vijijini, ng'ombe wa wazee walikuwa wamekwisha. Nguruwe, kwa kuwa huzaa haraka na hugharimu kidogo, akawa mwanzo mpya kwa wengi. Kisha mwaka 2010 na 2011 wilaya ya Gulu ikakumbwa na milipuko ya homa mmoja baada ya mwingine. Mtu aliyepoteza nyumba, shamba na ndugu, akasimama tena kwa nguruwe wawili, akawapoteza na hao.

Sisi tuliorudi kutoka uhamishoni tunajua hali ya kuanza na kitu kimoja tu mkononi. Kitu hicho kikipotea, hujui hasara tu, unajuta hata kurudi. Ndiyo maana naona haya si mambo ya madaktari wa mifugo peke yao.

Jirani yangu mmoja, Nnalongo, mama wa mapacha, alikuwa na nguruwe jike na watoto tisa. Alimwazima dume la kupandisha kutoka mtaa wa pili, kama wafanyavyo wengi. Wiki iliyofuata nguruwe akakataa kula. Nnalongo akafanya lililo sahihi, akapiga simu ofisi ya mifugo. Aliambiwa asubiri. Alisubiri siku tisa, na daktari alipofika alikuta shimo lililofukiwa. Damu haikuchukuliwa, hivyo mpaka leo hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ni nini kilichowaua, wala dume lile lilipita kwa nani wengine.

"Ssebo," aliniambia, "siku nyingine sitapiga simu. Nitauza mapema."

Mapacha wake walikaa nyumbani muhula mzima. Na kama kweli atauza mapema siku nyingine, watakaokaa nyumbani watakuwa watoto wa mtu asiyemjua.

Nini kifanyike

Sheria ya magonjwa ya wanyama ipo, na inamtaka mfugaji kutoa taarifa. Vibali vya kusafirisha mifugo vipo. Karantini hutangazwa. Kinachokosekana ni sababu ya mtu maskini kusema ukweli. Mfugaji mdogo hatarajii fidia, na mnunuzi anatarajia adhabu. Katika hali hiyo kimya ndicho chenye faida.

Kwanza, serikali iweke utaratibu wa taarifa usioanza na faini. Mnunuzi akisema kwamba kijiji fulani bei imeanguka na nguruwe wanalala, asinyang'anywe mzigo wake bila malipo yoyote. Taarifa yake ichukuliwe, sampuli ipimwe, na majibu yarudi kijijini haraka. Majibu yasiyorudi huua imani kuliko homa.

Pili, wilaya za pande mbili za mpaka zipeane habari siku ile ile. Kama virusi ni vya kundi moja, haifai Busia ya Kenya isubiri barua kupitia Nairobi na Kampala ndipo ijue kilichotokea Busia ya Uganda, umbali wa kutupa jiwe.

Tatu, kila mnunuzi awe na daftari. Sizungumzii kompyuta wala hereni za masikioni, ingawa nazo zitakuja. Daftari la kurasa 96: tarehe, kijiji nilikonunua, idadi, mahali nilikouza. Mlipuko ukitokea, kurasa tatu za nyuma zitamwonyesha daktari pa kwenda kesho asubuhi. Daftari hilo pia litamlinda mnunuzi mwaminifu asibebeshwe lawama za wengine.

Nne, yaliyo mikononi mwetu tuyafanye bila kusubiri wizara. Fungia nguruwe bandani. Usimruhusu mnunuzi kuingia ndani na viatu vyake, mletee nguruwe nje. Osha kamba na buti kwa sabuni, kisha kwa dawa ya kuua vijidudu. Chemsha makombo ya hoteli kwa angalau nusu saa kabla ya kuwapa. Dume la kuazima liulizwe limetoka wapi na waliolitumia kabla yako nguruwe wao wako salama. Nguruwe mgeni akae peke yake wiki tatu kabla ya kuchanganywa na wenzake. Aliyekufa azikwe kwenye shimo refu, asikatwe, asitupwe mtoni, asiuzwe.

Najua kuna atakayesema hizi ni gharama. Ni kweli, sabuni inanunuliwa na kuni za kuchemshia zinanunuliwa. Lakini linganisha bei ya kipande cha sabuni na karo ya muhula mmoja.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu si mpaka, wala si ngiri wa mbugani. Ni ukimya kati ya anayeuza, anayenunua na anayepaswa kupima. Krismasi, Pasaka na kila wiki ya kufungua shule, maelfu ya nguruwe huuzwa na kununuliwa kwa haraka. Kabla ya msimu ujao, mnunuzi mmoja wa Busia akinunua daftari na kuandika ukurasa wa kwanza, atakuwa ameanza rejista ambayo nchi zetu zimeikosa tangu siku za Montgomery.